Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Chama cha Wahitimu, Mwaka 2024: Hazina ya Kanga

Mheshimiwa Mkuu wa Chuo, mlezi wetu, wajumbe wa kamati, ndugu wanachama,

Namshukuru Mwenyezi Mungu aliyetufikisha mwisho wa mwaka, na nawapa pole wote mliofiwa.

Shughuli za kawaida mnazijua. Tulisafisha chumba cha hazina, yaani mkusanyiko wa kanga wa chuo chetu cha mitindo, tukawapokea wanafunzi wapya, tukaonesha kanga siku ya mahafali, na kamati ilikutana mara 5. Hazina sasa ina vipande 412, vikiwemo 9 tulivyopewa mwaka huu. Vipande 268 vimeshapigwa picha, na kila picha ina jina la kanga (yale maneno yaliyoandikwa juu yake), rangi zake, kiwanda kama kinajulikana, na aliyeitoa. Kazi hiyo niliisimamia mwenyewe Jumamosi 11 mfululizo, kwa simu yangu, wala sikudai nauli.

Niingie sasa kwenye jambo ambalo naamini ndilo lililowaleta wachache mliofika leo: doti 23 zilizokatwa, yaani jozi 23 za kanga tulizozitenganisha kwa mkasi.

Maneno yamekuwa mengi. Nimeitwa mharibifu. Mama yetu mmoja, aliyetupa kanga tangu chama kinaanza, alinipigia simu usiku akaniambia doti ni pacha na kuwatenganisha pacha ni kutafuta mkosi. Namheshimu sana, na kwa ajili yake naeleza kwa kirefu.

Sisi tuliosoma hapa tunalikumbuka lile kabati la mbao. Mwalimu akifundisha pindo (ukingo wa kanga) na mji (mchoro wa katikati), anachomoa kanga, inazunguka mezani kwenye mikono thelathini yenye chaki na mafuta ya cherehani, kisha inarudi kukunjwa pale pale ilipokunjwa jana. Mwaka juzi nilikunjua kanga ya Urafiki, ya miaka ya mwanzo ya kiwanda kile kilichofunguliwa Ubungo mwaka 1968. Wekundu wake ulikuwa bado unawaka. Lakini kwenye mkunjo wa katikati nyuzi zilikuwa zimekatika, ufa mmoja kutoka pindo la juu hadi la chini, na jina limegawanyika: WEMA upande huu, HAUOZI upande wa pili. Nililia, na aliyekuwa nami chumbani ni shahidi.

Tungeweza kuzifungia zote, basi chuo cha mitindo kikawa kinatunza vitu ambavyo wanafunzi wake hawavigusi. Mtu hajifunzi uzito wa pamba kwa macho. Au tungeendelea kama zamani mpaka ziishe. Gauni la kale ni moja tu, ukilichakaza umelimaliza. Kanga huja mbili, mchoro ule ule, jina lile lile. Kipande kimoja kinalala, mwenzake anakwenda darasani. Chuo cha mitindo cha FIT (Fashion Institute of Technology) cha New York, ambacho makumbusho yake yalianza mwaka 1969, nacho kina mkusanyiko wa kudumu na mwingine wa kusomea. Sisi nakala ya kusomea hatukuhitaji kuinunua, tulikuwa nayo kwenye doti.

Mkasi niliushika mimi, mbele ya wajumbe 4. Ulipita kwenye utepe mtupu kati ya kipande na kipande, pale pale mama zetu wanapokata kabla ya kupinda. Hakuna ua wala herufi iliyoguswa. Kila doti ilipigwa picha kwanza ikiwa nzima. Tena doti 4 tuliziacha, zile ambazo bado zina karatasi ya muuzaji, maana zinaonesha kanga ilivyokuwa ikifika dukani.

Mnasema tungeuliza mkutano mkuu. Niliuitisha Juni: kati ya wanachama 146 walifika 14. Nikauitisha tena Julai: 11. Katiba yetu inasema akidi ikikosekana mara mbili kamati itaamua, nasi tukaamua. Wengi waliolalamika kwa sauti kubwa sikuwaona Juni wala Julai.

La pili ni friza. Limesemwa hadi sokoni, kwamba mwenyekiti amenunua friza la kuuzia barafu. Kanga isiyofuliwa ina wanga wa kiwandani, na wanga ni chakula cha wadudu wa kabatini. Kuifua ni kuondoa wanga, lakini rangi za zamani huchuja, na kanga ambayo haijawahi kuguswa na maji haitarudi kuwa hivyo tena. Vidonge vyeupe vya kuzuia nondo vinawaumiza kichwa walimu. Kwa hiyo kanga inafungwa vizuri ndani ya mfuko wa plastiki, inakaa kwenye friza kwa nyuzi 18 chini ya sifuri wiki 2, kisha inatolewa na kuachwa siku nzima kabla ya kufungua mfuko, jasho la ubaridi lisishike kitambaa. Baada ya hapo haikunjwi. Inaviringishwa kwenye yale mabomba ya karatasi ya maduka ya vitambaa Kariakoo, tuliyoyavika marekani, kile kitambaa cha pamba kisichotiwa rangi, iliyofuliwa. Mabomba niliyaomba mwenyewe duka hadi duka. Ufunguo wa friza anao mtunza hazina, na mwanachama yeyote aje aangalie.

Fedha: tulianza na shilingi 88,500. Ada ni 30,000, na waliolipa ni 51, yaani 1,530,000. Friza 620,000, kabati la chuma 480,000, marekani na vifaa 214,000, usafiri 95,000. Zimebaki 209,500. Wanachama 95 hawakulipa hata senti, wakiwemo wawili waliosimama mahafali wakapigwa picha mbele ya kanga hizo. Nimewaandikia ujumbe mara tatu. Inauma, kwa sababu elfu thelathini kwa mwaka haifiki bei ya vitenge tunavyovishonea sare za harusi kila msimu, na sare hizo hakuna anayechelewa kuzilipia.

Mwaka ujao, Mungu akipenda, tutamaliza picha zilizobaki. Tunatarajia kupata wafadhili, na yapo mazungumzo ya kupeleka onesho nje ya chuo, pengine Tanga au Zanzibar, hali ikiruhusu. Vipande vya darasani vitaendelea kushikwa kila Jumatano. Mama yetu niliyemtaja nimemwalika aje awaeleze wanafunzi majina ya kanga alizotoa, na amekubali.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti