Trump kapigiwa kampeni na bei ya mayai

Mhariri, nipe kanafasi kidogo. Watu bado wanabisha eti Trump alishinda urais wa Marekani 2024 kwa ubaguzi tu, mi naona bei ya mayai na kodi ya nyumba ndo zilimpigia kampeni, maana mfumuko wa bei kule uligonga asilimia 9.1 Juni 2022 halafu Wademokrati, chama kilichokuwa madarakani, wakawa wanasema uchumi uko poa, we mwambie hivyo mtu anayetoka dukani mfuko mtupu! Akazoa majimbo yote 7 yenye ushindani. Januari 20, 2025, siku ileile ya kuapishwa, akasaini kusimamisha misaada ya nje siku 90 na kuitoa Marekani kwenye Shirika la Afya Duniani (WHO). Dada yangu alikuwa anagawa ARV, dawa za wenye VVU, kwenye mradi wa hela za Marekani, kapigiwa simu usiku asije kesho. Sare yake bado imening'inia nyuma ya mlango.

Msomaji wenu, Mbeya