Ukitaka kubadilisha hita ya maji usianzie dukani

Ndugu Mhariri,

Salamu kutoka Iringa, huku ambako mwezi huu ukitoa mkono nje ya blanketi saa kumi na moja alfajiri unaurudisha haraka. Naomba nafasi niongelee hita za maji ya kuoga maana msimu huu kila duka la vifaa vya umeme mjini limepanga maboksi ya hita mpaka barazani, na watu tunanunua kwa kuangalia picha ya boksi na bei basi. Na mimi nipo kwenye soko hilo hilo, hita yetu ya tangi iliyokuwa juu ya dari imekufa.

Ilianza na doa la kahawia kwenye jipsamu ya korido, dogo tu, watoto wakawa wanabishana linafanana na ramani ya nchi gani, mara jipsamu yenyewe ikalegea ikashuka. Fundi alipolishusha tangi akalifungua tukakuta koili imevaa ukoko mweupe mgumu mpaka huioni, na ile fimbo ya magniziamu, ambayo kazi yake ni kuliwa na kutu ili tangi lisiliwe, imebaki kiwaya cha katikati peke yake. Fimbo hiyo ni ya kubadilishwa kila baada ya miaka michache, haina gharama ya kutisha, ila waliotuuzia na kutufungia hilo tangi hawakuwahi kutamka hata jina lake.

Sasa nikaenda kutafuta nyingine. Kijana wa dukani mpole kabisa, akanikaribisha, "mama angu unataka ya bei gani?" Hilo ndo lilikuwa swali lake la kwanza na la mwisho. Nikaenda duka la pili hivyo hivyo. Hakuna aliyeniuliza nyumbani mko wangapi, simtanki lenu limekaa juu kiasi gani, waya unaoenda bafuni ni wa milimita ngapi, mpo tarifu gani ya LUKU. Na mimi nasema Mhariri hayo maswali manne ndo yanayochagua hita, boksi linafuata baadaye.

Tuanze na LUKU maana ndo inayouma. Wengi wetu tunaotumia umeme kidogo tupo kwenye ile tarifu ya D1, ya wastani usiozidi uniti 75 kwa mwezi, buku moja unapata uniti 8 na kitu. Ukihamia T1, ile tarifu ya kawaida ya wanaozidisha hapo, buku hiyo hiyo inakupa uniti 2.8. Sasa chukua nyumba ya watu sita kila mtu anaoga ndoo moja ya lita 20 kwa siku. Uniti moja ya umeme inapandisha joto la lita 20 kwa nyuzi kama 43 hivi, hiyo ni fizikia haijali hita imetoka China au Italia. Maji yetu asubuhi yapo nyuzi 18, unayataka yafike 40, kwa hiyo ndoo moja ni nusu uniti. Watu sita uniti 3 kwa siku, mwezi mzima uniti 90 na zaidi. Yani kuoga peke yake kunapita zile 75 kabla hujawasha taa, hujapasha chai, friji halijaguguma. Kwa bei ya T1 ni kama elfu 32 kwa mwezi za kuoga tu. Nani aliambiwa hivyo dukani?

Na hapo kuna uongo mmoja unauzwa sana, kwamba ile hita ya kuchemsha papo hapo, ile inayofungwa kwenye bomba la shawa, "haili umeme". Jamani. Zote mbili zinachemsha kwa koili, nusu uniti kwa ndoo ni nusu uniti kwa ndoo. Tofauti ni kwamba tangi likikaa limejaa maji ya moto siku nzima linapoteza joto hata kama hamjaoga, kwa hiyo kama mpo wawili na mnaoga mara moja kwa siku ya papo hapo inaweza kuwa nafuu, ila mkiwa sita mnaofuatana bafuni asubuhi tofauti hiyo inapungua sana. Zaidi ya hapo ya papo hapo inakula kwa mkupuo, wati 5,500 ni ampea kama 24, na nyumba nyingi mtaani kwetu bafuni pamevutwa waya wa milimita 2.5 uleule wa soketi. Unapata moto, waya unalainika ndani ya ukuta, siku moja unasikia harufu. Inatakiwa angalau waya wa milimita 4 wenye breka yake peke yake, na kama bafu liko mbali na mita uende 6.

Halafu kuna hili la volti, hili sijawahi kuona likiandikwa kokote. Mtaani kwetu asubuhi kila mtu amewasha, umeme unashuka, nimepimiwa na fundi ukakutwa volti 180. Watu wanadhani ukishuka robo na joto linashuka robo, hapana, nguvu ya koili inashuka zaidi ya hapo, hita ya wati 5,500 inabaki na kama wati 3,400 tu. Ndo maana jirani yangu kanunua hita nzuri kabisa, saa nane mchana inaunguza, saa kumi na mbili asubuhi anaoga maji vuguvugu anailaumu kampuni. Hita nzima haina kosa. Tangi kwenye hali hiyo linavumilia, linachemsha taratibu usiku wakati umeme umetulia, asubuhi mnakuta tayari.

Presha nayo. Simtanki likiwa mita mbili juu ya shawa unapata bar 0.2, ni presha ndogo mno, na hita nyingi za papo hapo zina kiswichi ndani kinachosukumwa na maji, presha ikiwa ndogo haziwaki kabisa. Mtu anarudisha hita dukani mara anaambiwa anunue na pampu. Sasa pampu inakula umeme na umeme ukikatika hamuogi hata ya baridi.

Ila kinachonifanya niandike kwa kweli ni athi, ule waya wa kupeleka ardhini umeme unaovuja. Fundi wa kwanza aliyekuja nilimuuliza waya wa athi utaenda wapi, akanijibu "mama hiyo siyo lazima, nyumba kibao hazina na wanaoga kila siku." Nikamwambia asante sana fundi, nikamlipa nauli. Maji na umeme vinakutana ndani ya kile kidude juu ya kichwa cha mtoto wako akiwa uchi ameloa, siku koili ikitoboka kitu pekee kinachosimama kati yake na umeme ni huo waya wa kijani na njano uliofika kweli ardhini, kwenye fimbo iliyochimbiwa, pamoja na ile breka inayokata yenyewe umeme ukivuja. Ukigusa koki ukahisi ganzi au mtetemo usizoee, zima mita kwanza ndo uite fundi. Na fundi mwenyewe muulize leseni, EWURA wanatoa leseni za mafundi umeme kwa madaraja, anayo anakuonyesha hana anaanza hadithi.

Kwa hiyo tumechagua nini. Tumeamua solar, hii ya mirija ya vioo, lita 200. Mume wangu aliguna aliposikia bei, zaidi ya milioni moja na nusu kabla ya ufundi, lakini tukapiga hesabu, ikituondolea robo tatu ya ile elfu 32 ya kila mwezi inajilipa kwa kama miaka sita, na tangi la zamani lilidumu zaidi ya hapo pamoja na kutelekezwa. Kuna watu wananiambia solar ya nini huku kwenye baridi. Wanasahau baridi yetu inakuja kiangazi, mwezi wa sita na wa saba Iringa mchana jua limetuama, mawingu yetu ni ya masika, na masika penyewe hakuna baridi ya kutetemesha. Mirija inakusanya jua siyo joto la hewa.

Lakini nayo ina mambo yake. Iringa tupo nyuzi karibu 8 kusini mwa ikweta, kwa hiyo wakati wa baridi jua linapita upande wa kaskazini, mirija inatakiwa itazame kaskazini. Zungukeni mjini mtazame juu ya mapaa mtaona zinazotazama barabara ili zionekane. Pili hizi za bei nafuu maji yanaingia kwa kushuka tu, simtanki lazima likae juu kuliko tangi la solar, na solar ipo juu ya paa, kwa hiyo mnara wetu inabidi uongezwe kimo, hiyo gharama hakuna muuzaji aliyeitaja mpaka nilipouliza. Tatu mabomba. Maji ya mirija mchana wa jua kali yanaweza kupita nyuzi 80, bomba la kawaida la plastiki linalegea, unatakiwa uweke bomba la PPR la maji ya moto, na bafuni koki ya kuchanganya maana mama mkwe wangu na wajukuu wake hawawezi kukisia maji ya namna hiyo.

Gesi niliifikiria pia. Mtungi wa kilo 15 kwa bei za elfu hamsini na kitu, ukipiga hesabu ya joto unalopata linakaribiana sana na umeme wa T1, huokoi chochote cha maana, ila haijali volti wala umeme kukatika. Ikifungwa ifungwe nje ya nyumba, siyo bafuni na dirisha limefungwa, ule moshi usioonekana wala kunuka unaua.

Na kwa kupitia gazeti lako niwakumbushe wakubwa jambo moja. Mkakati wa nishati safi ya kupikia unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wameifikia ifikapo 2034, vizuri sana, lakini huku nyanda za juu nenda uani kwa watu saa kumi na mbili asubuhi uone jiko la mkaa lina sufuria gani. Si ya uji, ni ya maji ya kuoga, kubwa kuliko zote ndani ya nyumba. Mtu anapewa mtungi wa gesi wa kilo 6 anapikia chai, mkaa unabaki palepale unachemsha maji. Kama kuna unafuu wa kodi au mkopo wa riba ndogo unaopangwa kwa majiko, solar za maji nazo zihesabiwe.

Wenye maduka nao wabandike karatasi tu kwenye kila hita, inataka waya wa milimita ngapi, presha kiasi gani, lita ngapi kwa watu wangapi. Karatasi moja haitawapunguzia mauzo.

Kabla hatujalipa naomba msaada wa wasomaji wenzangu wa Njombe na Makete, nyie mnaopata sakitu ya kweli. Kama kuna mwenye solar ya mirija iliyokaa miaka mingi atuandikie hapa hapa, mvua ya mawe vioo vinahimili? Na ukivunjika mmoja unapata wa kubadilisha huku huku au mpaka uagize Dar?

Mama wa Kihesa,
Iringa