Shoga, kuhusu ile laana ya Haiti

Shoga yangu,

Salaam nyingi, natumai watoto wazima na mama nae goti limepoa kidogo. Voisi yako ya juzi nimeiskiza na naelewa ni wasiwasi ndo unaongea, tangu polisi wetu wa Kenya waanze kutua Port-au-Prince kule Haiti Juni 2024 kupambana na magenge na mdogo wako akaitwa nae ukakosa usingizi, hilo sikulaumu hata kidogo. Lakini kuna pale ulisema ati hao watu wana uhuru tangu 1804 na mpaka leo ni kuuana tu, kama si laana ni nini. Hapo sikuweza kunyamaza, na kwa voisi ningepiga kelele tu, bora nikuandikie.

Ile nchi Wafaransa walikuwa wanaiita Saint-Domingue na ndo ilikuwa koloni yao tajiri kuliko zote, watumwa karibu laki tano, miwa na kahawa, na watu walikuwa wanakufa haraka hivi kwamba mabwana waliona nafuu kununua wengine kuliko kuwalisha vizuri walionao. Wengi walitolewa Kongo na Afrika Magharibi lakini kulikuwa na meli zinapakia watu Msumbiji, hii hii bahari yetu shoga, wanazungushwa kusini yote ya Afrika hadi kule, anayefia njiani anatupwa. Agosti 1791 wakainuka wakachoma mashamba ya miwa na wakapigana mpaka mwisho, wakapigana na Wafaransa, na Wahispania, na Waingereza, Napoleon akaleta jeshi lake nalo likachapwa Vertières Novemba 1803, na kiongozi wao Toussaint Louverture hakuiona hiyo siku, alikuwa ameshafia jela huko Ufaransa kwenye baridi ya milimani. Tarehe 1 Januari 1804 jemadari wao Dessalines akatangaza uhuru. Watumwa wamejikomboa wenyewe, kwa mikono yao.

Sasa skiza hii, na hii ndo inanikosesha amani. 1825 mfalme wa Ufaransa Charles wa Kumi akatuma manowari 14 na barua, kwamba Ufaransa itaitambua Haiti kama nchi ikiwa Haiti italipa faranga milioni 150 kuwafidia wale wenye mashamba kwa mali waliyopoteza. Mali gani? Ardhi, majumba, na watu. Yaani yule mama aliyechapwa viboko maisha yake yote ndo anamlipa aliyemchapa, kwa sababu amekataa kuendelea kuchapwa!! Rais Boyer wa Haiti akatia saini na mizinga imemwelekea.

Hela haikuwepo. Malipo ya kwanza tu, milioni 30, yalizidi mbali mapato ya serikali ya mwaka mzima, ikabidi wakope benki za hao hao Wafaransa, wakaandikiwa deni la milioni 30 wakapewa mkononi 24, zingine benki zikabaki nazo. 1838 deni lenyewe likapunguzwa hadi milioni 90 lakini bado riba, bado mikopo ya kulipia mikopo, na mlipaji ni yule mkulima wa kahawa mlimani, maana ushuru wa kahawa ndo ulikuwa unalipa kila kitu. Miaka ambayo nchi zingine zinajenga reli na shule wao wanatuma hela Paris. Alafu Desemba 1914 wanajeshi wa Marekani wakaingia benki ya taifa wakabeba dhahabu ya dola laki tano wakaipeleka New York, mwaka uliofuata wakaikalia nchi nzima hadi 1934, wakawa wanawatoa watu makwao kwa nguvu kuchonga barabara. Mikopo iliyotokana na lile deni ilikuja kuisha 1947. Bibi yako alikuwa ameshazaliwa shoga.

Na usidhani ni Haiti peke yake. Uingereza ilipofuta utumwa kwenye makoloni yake iliwatengea wenye watumwa pauni milioni 20, waliotumikishwa hawakupewa hata senti. Hapa jirani Unguja pia, sheria ya 1897 ya kufuta utumwa, fidia ilienda kwa mabwana. Tofauti ya Haiti ni kwamba bili walitupiwa watumwa wenyewe.

2003 Rais Aristide wa Haiti alidai Ufaransa irudishe zile hela, zaidi ya dola bilioni 21. Februari 2004 akang'olewa akapakiwa ndege ya Marekani hadi Jamhuri ya Afrika ya Kati, na serikali iliyomfuata ikayatupa yale madai. Aprili 2025 Rais Macron wa Ufaransa akatangaza tume ya wanahistoria ichunguze, miaka 200 kamili tangu ile barua, na mimi nasema kuchunguza si kulipa.

Sisemi wale magenge wanaoteka watu wasilaumiwe, wana damu mikononi na wanasiasa wa huko waliowapa bunduki pia. Ila laana hapana, usinirudie hilo neno tena, na usimwachie mdogo wako aende nalo doria, anawasimamia watu waliotozwa hela kwa kuwa huru.

Mwambie kama atakuwa bado huko tarehe 1 Januari aombe soup joumou, supu ya maboga, nchi nzima wanaipika siku hiyo kwa sababu enzi za utumwa walikuwa wanampikia bwana na wao hawaruhusiwi kuila. Akishaionja anipigie.

Nisalimie mama, hela ya dawa yake ntatuma Ijumaa.

Wako wa siku zote