Bitcoin si dhahabu, na mimi ninazo zote mbili

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika kwamba Bitcoin, ile sarafu ya mtandaoni, ni dhahabu ya kidijitali kwa kuwa idadi yake haitazidi milioni 21 hata iweje. Mimi ni sonara, Mji wa Kale hapa Mombasa, kazi niliyofundishwa na marehemu mjomba. Bitcoin pia ninayo, kwa hiyo asije akasema ni wivu wa mzee mwenye duka.

Mwaka 1999, mke wangu alipojifungua kifungua mimba wetu, nilimfulia bangili mbili za karati 22, jumla tola mbili (tola moja ni kama gramu 11.7). Dhahabu yenyewe ilinigharimu kama shilingi 13,000. Ilikuwa rahisi kwa sababu wakubwa wa dunia walikuwa wameichoka. Mwaka ule ule Uingereza ilianza kuuza akiba yake ya dhahabu, na kufikia 2002 ilikuwa imeshaachia tani 395 hivi, zaidi ya nusu ya iliyokuwa nayo. Wakia moja, kama gramu 31, ilishuka hadi chini ya dola 260. Mjomba aliniambia nijifunze kutengeneza saa, usonara umekwisha.

Novemba 2021 ikawa zamu ya mpwa wangu kunishauri. "Mjomba, wenzako wanatajirika, wewe unapuliza moto." Nikatoa shilingi 200,000 nilizokuwa nimeziweka kwa ajili ya mashine mpya ya kung'arishia, akanifungulia akaunti kwenye simu, tukanunua kijipande cha Bitcoin, nzima moja ikikaribia dola 69,000. Kumbe ndipo kileleni hapo.

Mwaka uliofuata, Novemba hiyo hiyo, soko kubwa la sarafu hizi, FTX, lenye makao yake Bahamas, lilifilisika. Mwanangu naye alivunjika paja akiwa kwenye bodaboda. Mambo hayo hayahusiani hata kidogo, ila yalinifikia ndani ya wiki moja. Hospitali ilitaka amana kabla ya kumfunga chuma. Nikafungua simu: kijipande changu kilibaki shilingi 53,000. Mpwa wangu akanisihi nisiuze, "itarudi tu, Mjomba." Nikamuuliza itarudi lini, maana mgonjwa yuko kwenye benchi.

Mke wangu hakusema neno. Alivua bangili, na ya kushoto ilimsumbua kutoka, ikabidi apake sabuni. Kuziyeyusha kwa mkono wangu sikuweza, nikazipeleka kwa sonara mwenzangu mtaa wa pili. Tumejuana miaka thelathini, lakini alizikwangua kwenye jiwe jeusi kama za mtu baki, akadondosha asidi, akainama kuangalia kama ule mstari utafifia. Haukufifia. Akapima, akapiga hesabu, akanihesabia 137,000 taslimu, na adhana ya adhuhuri ilinikuta tayari niko dirisha la malipo hospitalini.

Sasa msomaji mwenzangu atasema: mbona Bitcoin ilirudi? Kweli ilirudi. Desemba 2024 ilipovuka dola 100,000, kijipande changu kilisoma karibu shilingi 340,000. Lakini naomba aone kilichokiokoa. Kama bangili zisingekuwepo, ningekiuza kwa 53,000 na leo nisingekuwa na cha kusimulia. Mwenye uwezo wa kungoja hupata faida kwa vitu vingi. Akiba ninayoijua mimi ni ile ya siku ambayo hukuichagua.

Wala sisemi dhahabu ni malaika. Aliyeinunua Januari 1980, wakia ikiwa dola 850, hakuiona tena bei hiyo hadi 2008, na dola za 2008 hazikuwa dola za 1980. Na sisi masonara tunalo letu tusilopenda kulisema: mkufu ukiununua leo ukaurudisha mwezi ujao, tunapima dhahabu tu, ujira wa ufundi umepotea. Zimewahi kuletwa dukani kwangu hata bangili zilizo shaba ndani na dhahabu juu.

Tofauti naiona kwa wanunuzi. Ijumaa dukani kwangu huja mama na binti anayeolewa. Bei ikipanda watanung'unika, watapunguza tola, lakini watanunua, kwa sababu bibi harusi hatoki mikono mitupu. Hawa hawaitaki dhahabu ili waiuze kesho. Bei ikishuka, wao ndio huja wengi zaidi. Huko kwenye Bitcoin, wengi niliokutana nao, mpwa wangu akiwa wa kwanza, wananunua wakitarajia mwingine atanunua kwa bei ya juu. Siku ya FTX wote walikimbilia mlango mmoja, na aliyesimama nje kungoja bei ya chini alikuwa mchache mno. Kikomo cha milioni 21 kilikuwa vile vile siku hiyo. Uchache peke yake haukumsaidia mtu.

Nimalizie la nyumbani. Desemba ile ya 340,000, mke wangu aliniambia niuze kijipande changu nimrudishie bangili zake. Shilingi hizo zingetosha, na chenji ingebaki. Mimi nikaona nisubiri kidogo, Bitcoin itapanda zaidi. Oktoba 2025 dhahabu ikavuka dola 4,000 kwa wakia, kwa hiyo tola mbili za karati 22 zikahitaji zaidi ya shilingi 350,000, na Novemba Bitcoin ikateremka chini ya dola 90,000. Kijipande changu kikawa hakitoshi tena. Mwanangu anatembea vizuri. Mkono wa mama yake bado mtupu, na kila nikifungua simu kutazama bei, anauliza kutoka jikoni imefika ngapi.

Sonara,
Mji wa Kale, Mombasa