Albamu ya dola mbili

Sahibu yangu,

Salaam aleikum. Mama mpe shikamoo yangu, na shemeji na watoto wasalimie wote. Sisi huku California hatujambo.

Nimesikiliza ujumbe wako wa sauti mpaka mwisho, pamoja na ule ugomvi na kijana wa bodaboda ulioingia katikati. Nimekuelewa. Studio yako ina nyimbo nyingi zimelala: taarab ya kina mama wa Ngamiani, vijana wa hiphop, yule bwana wa injili, singeli mbili tatu, na baikoko juu, ile ngoma ya kukata viuno. Unataka uzikusanye kwenye albamu moja, uigawe bure kwenye flashi ili studio ijulikane. Wenzako wanakuambia hiyo ni vurugu tupu, kwamba mtu wa taarab hataki kusikia singeli, na kila muziki uwe na albamu yake.

Kwenye kuchanganya niko upande wako. Kwenye kugawa bure, hapana. Na ushahidi wangu uko hapa kwenye kabati la santuri.

Ni jalada lenye santuri mbili, la mwaka 1969, linaitwa The 1969 Warner/Reprise Songbook. Mimi nimelikuta kwenye duka la vitu vilivyotumika, lakini lilipokuwa jipya huwezi kulipata dukani hata ungelia. Ilikuwa hivi: ukinunua albamu ya Warner Bros. au ya Reprise, lebo mbili za nyumba moja, ile bahasha ya karatasi inayoshika santuri ndani ya jalada ilikuwa na tangazo na fomu ya kuagizia. Unaikata fomu, unaiweka kwenye barua pamoja na dola 2, unaipeleka posta iende Burbank, huku California, yalipokuwa makao ya kampuni, nao wanakutumia santuri mbili nyumbani. Na wakati huo albamu ya kawaida, santuri moja tu, bei yake iliyopangwa ilikuwa dola 4.98. Piga hesabu mwenyewe.

Wala hawakuficha kwamba wanauza kwa hasara. Mfululizo mzima waliuita Loss Leaders, jina ambalo wafanyabiashara wa huku hulitumia kwa bidhaa inayouzwa chini ya gharama ili mteja aingie dukani. Muuza mananasi pale stendi anakukatia kipande uonje kwa sababu anataka ununue nanasi zima, na hawa ndivyo walivyofanya na nyimbo. Walianza 1969 wakaendelea hadi 1980, wakatoa zaidi ya matoleo 30. Kampuni isiyopata faida kutokana na jambo hairudii mara zote hizo, kwa hiyo hiyo hasara yao tuipokee kwa tahadhari.

Sasa sikiliza kwa nini walichanganya. Warner Bros. Records ilianzishwa 1958 na kampuni ya filamu. Reprise aliianzisha mwimbaji Frank Sinatra 1960, akaiuza kwa Warner 1963. Ikifika mwisho wa miaka ya 60, nyumba moja ina Sinatra na Dean Martin, waimbaji wa kuvaa tai, na humo humo wamo Jimi Hendrix, Grateful Dead, Joni Mitchell, Neil Young, Randy Newman, na vichaa kadhaa nitakaokutajia. Redio kubwa za AM zilipiga nyimbo fupi zinazouzika, zilezile asubuhi mpaka jioni. Redio za FM ndiyo kwanza zilikuwa zinaamka: serikali ilikuwa imezikataza stesheni za miji mikubwa kurudia tu FM kile kinachorushwa AM, zikalazimika kutafuta vitu vyao vya kupiga, na huko San Francisco mtu kama Tom Donahue akaanza 1967 kupiga nyimbo ndefu za kwenye albamu ambazo hakuna aliyezigusa. Vizuri sana kwa mtu wa San Francisco. Lakini kijana wa mji mdogo katikati ya nchi, mashamba ya mahindi pande zote, angemsikia wapi Randy Newman? Ile santuri ya dola 2 ndiyo iliyokuwa redio yake.

Nikupe mfano wa The Big Ball ya 1970. Humo utamkuta Joni Mitchell na gitaa lake, Fleetwood Mac wa enzi zile wakiwa bado bendi ya blues ya Uingereza, Van Morrison, Kinks, Grateful Dead. Mtu aliyeagiza kwa ajili ya Kinks alilazimika kupita kwa Joni Mitchell, kwa sababu na santuri, tofauti na simu yako, kuruka wimbo maana yake uinuke kwenye kiti, unyanyue sindano, uishushe pale pale bila kukwaruza. Wengi tunaona uvivu, tunauacha wimbo uishe. Ukiisha ndipo unajikuta umeupenda. Ndiyo maana nakuambia singeli na taarab zikae jirani, na usiweke taarab zote mwanzo, maana mtu atajua pa kuanzia na pa kuishia, mwisho atasikiliza kile alichokuwa anakijua.

Ila nao walikuwa na mipaka, na hapa wenzako wana hoja kidogo. Muziki wa taratibu wa watu wazima waliutolea toleo lake 1970, Schlagers!. Na wale vichaa niliokuahidi waliwekwa peke yao kwenye Zappéd, santuri moja kwa dola 1, iliyokusanya wasanii wa lebo za mwanamuziki wa rock Frank Zappa: Captain Beefheart, Alice Cooper kabla hajawa mtu, na Wild Man Fischer, aliyekuwa akiwaimbia wapita njia barabarani Los Angeles kwa senti kumi. Siwezi kukuambia nimeisikiliza yote kwa raha. Hata hivyo nimeisikiliza. Sasa wewe, bwana wa injili na baikoko kwenye jalada moja? Hapo mimi sithubutu kukushauri. Masheikh na mapadri watapata ajenda moja kwa mara ya kwanza, na itakuwa ni wewe. Baikoko ifanyie kijialbamu chake.

Lakini jambo ambalo ningependa ulichukue zaidi kuliko yote ni maandishi. Pale Burbank palikuwa na bwana mmoja, Stan Cornyn, mkuu wa matangazo. Alianza kwa kuandika maelezo ya nyuma ya majalada, na aliyoandika kwa ajili ya Sinatra yalimpatia Grammy mbili mfululizo, 1966 na 1967. Huyu ndiye aliyebuni hizi santuri za posta. Na staili yake ilikuwa kuicheka kampuni yake mwenyewe. Van Dyke Parks alipotoa albamu yake ya kwanza, wahakiki wakaishangilia na wanunuzi wakaipita kama hawaioni. Cornyn akachapa tangazo la ukurasa mzima kueleza jinsi kampuni ilivyopoteza dola 35,509.50 kwenye albamu bora ya mwaka. Fikiria! Senti hamsini nazo kazihesabu. Grateful Dead aliwatangaza kwa shindano la kumtafuta anayefanana na Pigpen, mpiga kinanda wao, ambaye kwa sura hakuwa mtu wa kumpelekea mama mkwe. Fugs nao, bendi ya washairi wenye matusi, akawatangazia shindano ambalo zawadi yake ni kutoka kwa miadi na mmoja wao.

Maelezo ndani ya Loss Leaders ni ya namna hiyo. Hakuna anayeitwa nguli, hakuna mkali wao. Unaelezwa huyu ni nani, katokea wapi, kwa nini santuri yake haijauzwa, na kwamba wewe labda una akili kuliko waliomkataa. Unaposoma unajiona umeingizwa jikoni. Nimeyaona yale matangazo yako, sahibu, na nakuomba kwa urafiki wetu: acha kuandika kila msanii ni moto wa kuotea mbali. Wakiwa wote moto hatujui tuanzie wapi kuota. Andika kwamba yule bibi wa taarab aliingiza sauti mara moja tu kwa sababu alikuwa anawahi harusi. Hilo nitalisoma.

Upangaji wa nyimbo pia usiufanye wewe. Usikasirike. Wewe ni mwenye studio, utamweka mbele aliyekulipa. Matoleo mengi ya miaka ya 70 yalipangwa na Barry Hansen, ambaye wasikilizaji wa redio wa huku wanamjua kama Dr. Demento, mtu wa santuri za ajabu ajabu na mwenye kumbukumbu ya kutisha. Mtafute DJ wa harusi, wale wanaojua ukumbi unachoka saa ngapi.

Nikiwa bado kwenye Reprise: ni lebo hiyohiyo iliyotoa "Pata Pata" ya Miriam Makeba 1967. Ule wimbo Baba yako, Mungu amrehemu, alikuwa nao, nakumbuka kisanturi chake kidogo chenye lebo iliyobanduka. Ila Makeba hakukaa kuzifaidi hizi sarakasi za Burbank. Alipoolewa 1968 na Stokely Carmichael, mwanaharakati wa Black Power aliyepigania haki za watu weusi, maonyesho na mikataba yake Marekani ilianza kufutwa, naye akahamia Guinea. Kila ninapowasifu watu hawa kwa kuwapa nafasi wasanii wasioeleweka, hilo hunirudia.

Sasa bei. Flashi ya bure itafutwa siku hiyohiyo ili ziwekwe filamu za Kihindi, unajua hivyo na mimi najua. Dola 2 hazikuwa kitu kwa Warner, lakini aliyezituma alikwisha kukata karatasi, kununua stempu na kungoja tarishi, na mtu wa hivyo akipata mzigo wake anakaa chini kuusikiliza. Pia wao walibaki na jina na anwani yake. Wewe weka shilingi elfu mbili, na anayenunua akuachie namba ya simu. Kampuni ya santuri ya CBS ya Uingereza ilifanya karibu hivyo mwaka 1968 na mkusanyiko wa The Rock Machine Turns You On: shilingi 14 na peni 11 za Kiingereza za wakati huo, wakati albamu nzima iliuzwa zaidi ya mara mbili ya hapo. Wao waliiuza madukani, na ikaingia kwenye chati za albamu.

Usitegemee miujiza lakini. Kwenye matoleo yangu mna majina mengi ambayo hakuna aliyeyasikia tena, na nyingine ni nyimbo za kujazia tu, naziruka hata kwa shida ya sindano. Toleo moja la 1980, Troublemakers, lilikusanya kina Devo na Gang of Four, punk na ndugu zake, na mwaka huohuo mfululizo ukaisha. Na kabla ya yote, zungumza na wasanii. Kwa bei hii hakuna cha kugawana, kila mmoja alijue hilo na atie sahihi, hasa wale vijana wa hiphop ambao walishakuvurugia lile jambo la Pangani.

Nitumie orodha ya nyimbo kabla hujachapa jalada. Ukipata nafasi, uniandikie pia ni nani aliyebaki na santuri za Mzee. Kama zinauzwa, mimi wa kwanza, na bei tutaelewana.

Wako wa siku zote,
Mtani wako wa Barabara ya Nane