Tabia Itangulie Cheti: Risala ya Wahitimu wa Mafunzo ya Wazee wa Kanisa kwa Mgeni Rasmi, Mbagala, Dar es Salaam

Baba Askofu, mgeni rasmi wetu, Baba Mchungaji wa usharika, walimu wetu, wazee wa kanisa, ndugu, wake na waume zetu, wageni waalikwa: Bwana Yesu asifiwe!

Tunakushukuru, Baba, kwa kukubali kufika kwetu Mbagala. Sisi ni wahitimu wa mafunzo ya jioni ya wazee wa kanisa na viongozi wa jumuiya. Tumefundishwa Biblia, uongozi, utunzaji wa fedha na ushauri wa kichungaji, na muda mfupi ujao utatukabidhi vyeti. Kabla hujavishika tuna ombi: vyeti hivi visiwe chujio la kwanza la kutupatia uongozi.

Mgeni rasmi, tumeisoma 1 Timotheo 3:1–7 tukihesabu. Kwa hesabu yetu sifa za askofu ni 15. Inayodai ujuzi wa kazi waziwazi ni moja, "ajuaye kufundisha". Ya kuisimamia nyumba nayo ina ujuzi ndani yake, ila huo hupatikana sebuleni. Zilizobaki zinahusu namna mtu anavyoishi: kiasi, upole, ukarimu, kutopenda fedha, kutogombana. Katika Matendo 6, hata wale 7 waliochaguliwa kusimamia chakula cha wajane walitakiwa wawe wameshuhudiwa kuwa wema, wamejaa Roho na hekima. Kazi yenyewe ilikuwa ya kuhudumu mezani.

Hatusemi elimu itupwe. Paulo alilelewa miguuni pa Gamalieli, na akiwa kifungoni bado aliagiza aletewe vitabu. Mhasibu wa usharika lazima ajue hesabu. Lakini mtazame Apolo katika Matendo 18: msomi, hodari katika Maandiko, na bado alikubali kuelekezwa zaidi na Prisila na Akila, mke na mume washona mahema. Kukubali huko ndiko tunakotaka kupimwe kwanza, maana msomi asiyeelekezeka huumiza kanisa kuliko asiyesoma.

Jijini mwetu kupima tabia ni kazi ngumu. Kijijini mtu hujulikana tangu shambani hadi kisimani. Hapa Dar es Salaam tunamwona saa mbili za Jumapili, amevaa suti, kisha anarudi Chamazi au Kigamboni. Akihama, barua ya utambulisho husema tu "ni mshirika mwema". Ndipo kamati, kwa kukosa la kushika, inashika kinachoonekana: shahada, gari, ahadi kubwa siku ya harambee. Na mtu aliyepewa uongozi kwa sababu ya mchango wake hakemewi, kwa kuwa wote wanaogopa mchango utakatika. Kosa dogo la mwaka wa kwanza linaachwa likue hadi linafika mahakamani.

Tunapendekeza hivi. Jina litoke jumuiyani, kwa watu waliokaa naye nyumba kwa nyumba, lisianzie mezani kwa kamati. Kisha zichukuliwe shuhuda 5: ya mke au mume, ya mtu aliye chini yake, kwa mfano dada wa kazi au kibarua, ya jirani asiye mshirika wetu, ya mtu anayefanya naye biashara, hata muuza duka anayemkopesha unga, na ya kiongozi wa usharika alikotoka, kwa kumpigia simu badala ya kuridhika na barua. Paulo anataka "kushuhudiwa mema na watu walio nje", na huku Mbagala watu hao wengi ni Waislamu. Waulizwe kwa heshima, watasema kweli.

Swali nalo lina namna yake. Ukiuliza "Je, ni mtu mwema?" utajibiwa ndiyo, kwani nani atamharibia mwenzake? Uliza matendo: Akiahidi kulipa tarehe 5, hulipa lini? Mara ya mwisho alipokosea, aliomba radhi kwa maneno gani? Akikasirika, nani nyumbani hunyamaza? Kila shahidi aulizwe peke yake, mbali na sebule ya anayependekezwa, na mama aulizwe na mama. Neno baya la shahidi mmoja lisimwangushe mtu. Kanuni ya mashahidi wawili au watatu ya 1 Timotheo 5:19 itulinde na fitina.

Baada ya hapo ajaribiwe mwaka mmoja kabla ya kuwekewa mikono. Apewe huduma zisizo na kipaza sauti: kupanga viti, kutembelea wagonjwa, kusindikiza misiba. Miezi 3 ya kwanza karibu kila mtu ni mwema. Tabia huonekana pale wazo lake linapokataliwa, au jina lake linaposahaulika katika shukrani. Miezi inayofuata hiyo 3 ndiyo ya kuandika kwenye daftari.

Kwa fedha tutasema kwa kifupi. Sadaka ihesabiwe papo hapo na watu 3 wasio ndugu, wote wasaini, na matoleo ya simu yaingie kwenye namba ya usharika, kamwe si ya mtu binafsi. Paulo mwenyewe alisafirisha mchango akiwa na wenzake ili asilaumiwe (2 Wakorintho 8). Mwaminifu hatukanwi na utaratibu.

Baba Askofu, tunaona pia hatari ya upande wa pili. Neno "kiroho" linaweza kutumika kumpitisha anayepaza sauti akiomba, au mpole wa kuitikia kila analoambiwa, au shemeji wa mwenyekiti. Korintho walikuwa na karama tele, na bado waligawanyika. Karama mtu aweza kupewa leo. Tunda la Roho la Wagalatia 5 hukomaa taratibu, tena huonekana zaidi nyumbani kuliko madhabahuni. Vivyo hivyo, cheo cha "Dokta" kisichotoka chuo kinachotambulika kisitajwe kanisani, kwa sababu anayenunua heshima ameshatuonyesha tabia yake.

Maombi yetu ni mawili. Kwanza, fomu ya uteuzi ipangwe upya, shuhuda ziwe ukurasa wa kwanza na elimu iwe ukurasa wa mwisho. Pili, utaratibu huu uanze na sisi tuliosimama mbele yako, kabla yeyote kati yetu hajapewa nafasi. Majina yetu na mfano wa fomu tumeviambatanisha na risala hii.

Tunaomba kuwasilisha.