Mdogo wangu wa Kasenga, njoo usome Unilu

Mdogo wangu,

Mama amenisomea ujumbe wako kwenye simu. Diploma ya serikali, ile ya kumaliza sekondari, umeipata, jiolojia unaitaka, ila Unilu, Chuo Kikuu cha Lubumbashi, huitaki kwa sababu rafiki zako wanasema chuo cha bei ndogo ni cha wasio na pa kwenda. Nakuandikia mbele za watu kwa kuwa si wewe peke yako unayeambiwa hivyo.

Bei ni ndogo kwa sababu chuo ni cha serikali, basi. Kimeanza 1955, mji ungali unaitwa Élisabethville. Mwaka 1971 kiliunganishwa na vya Kinshasa na Kisangani kuwa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zaire, na 1981 kikarudi kusimama chenyewe. Halafu jiolojia! Utaisomea wapi tena, ukiuacha mji uliojengwa kwa ajili ya shaba? Mawe ya darasani huku unayakanyaga njiani.

Kitakachokuumiza si minervali, yaani ada ya chuo. Ile inajulikana mapema, unaipanga. Kinachoumiza ni nauli ya kila siku hadi kampasi ya Kasapa, kwenda na kurudi, na silabusi, yale maandishi ya somo tunayonunua, na tumbo la saa saba mchana. Mimi nilihesabu minervali tu. Kufikia mwezi wa tatu nilikuwa natoka nyumbani Katuba kwa miguu saa kumi na moja alfajiri, nafika viatu vimejaa vumbi, somo la kwanza nalisikia nusu. Silabusi ya kemia sikuweza kuinunua. Mwenzangu mmoja aliniazima yake Ijumaa jioni, nikainakili yote kwa mkono, umeme ukikatika nawasha mshumaa, Jumatatu nikairudisha. Daftari lile ninalo hadi leo. Ukurasa wa mizani ya milinganyo una doa la mawese.

Na kemia yenyewe sikuielewa ukumbini. Ukumbini ni Kifaransa, na profesa haendi polepole. Niliielewa nje, chini ya mti, wenzangu wa Likasi na Kolwezi wakinieleza kwa Kiswahili chetu mpaka ikaingia. Kwa hiyo tafuta watu wa kusoma nao wiki ya kwanza, usingoje mitihani. Hilo nalishika kuliko yote ninayokuambia.

Siku hizi mfumo ni LMD (lisansi, masta, doktora): lisansi miaka 3, masta 2. Sisi tulianza na graduat, ngazi ya kwanza ya mfumo wa zamani.

Usipange nyumba. Chumba cha nyuma ni chako, na pesa ya kodi iwe ya basi na fotokopi. Bulletin zako, zile ripoti za shule, zibebe zote, hata zilizochakaa. Mama akutilie na makayabu, samaki wa chumvi, kwenye mzigo; bukari, ugali wetu, tutapika huku. Ukishapata gari la kutoka Kasenga, nipigie, nitakungoja stendi hata likifika usiku.

Yaya wako (mkubwa wako), Katuba